Maktaba za Wengine, Wajibu Wenu: Mwongozo wa Kutunza Vitegemezi vya Programu Katika Mradi wa Pamoja

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kikundi kidogo kinachotengeneza programu pamoja. Wawili wako mjini Isiolo, mmoja yuko Garba Tula, mwingine yuko Nairobi. Huenda mnajenga mfumo wa kutuma bei za mifugo kwa ujumbe mfupi, au wa kukusanya ada ya maji ya kisima, au wa kusajili wagonjwa wa zahanati. Kazi iwe ipi, sehemu kubwa ya msimbo utakaoendesha mfumo huo hamkuuandika nyinyi. Umetoka kwenye maktaba za watu wengine, wengi wao wakiwa ni watu ambao hamtawahi kuonana nao.

Maktaba hizo ndizo vitegemezi vya mradi. Zikitunzwa, kikundi cha watu wanne hufanya kazi ambayo zamani ingehitaji kampuni nzima. Zikiachwa bila mwenyewe, mfumo huharibika siku ambayo hakuna aliyegusa chochote, na kila mmoja hudai kwamba kwake unafanya kazi.

Ninachotaka ukishike ni hiki: orodha ya vitegemezi ni makubaliano ya kikundi, wala si shauri la yule aliyeketi mbele ya kompyuta usiku huo. Kikundi chenye mtandao hafifu kinayahitaji makubaliano hayo zaidi ya kile chenye faiba ofisini. Hitilafu inayorekebishwa Nairobi kwa kupakua upya kila kitu inaweza kummalizia mwenzenu wa Garba Tula bando la wiki nzima.

Mifano mingi hapa inatumia Composer, chombo cha PHP, kwa kuwa Laravel, kiunzi cha PHP, ina wafuasi wengi kwetu. Palipo na haja nimetaja npm ya JavaScript na pip ya Python. Kanuni ni zilezile.

1. Anzeni kwa kuhesabu mlicho nacho

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mradi mpya wa Laravel hutaja maktaba chache tu kwenye faili la `composer.json`, lakini ukifungua folda ya `vendor` utakuta makumi. Zile chache mmezichagua. Zilizobaki zimeletwa na hizo chache, na baadhi zimeletwa na zilizoletwa.

Ili kuuona ukoo mzima, tumia `composer show --tree`. Kwa JavaScript ni `npm ls --all`. Ukikutana na jina usilolijua, uliza limeingiaje: `composer why jina/la-maktaba` au `npm explain jina`.

Usidharau hizi zinazokuja kwa mlango wa nyuma. Tarehe 22 Machi 2016, msanidi Azer Koçulu aliondoa kwenye ghala la npm maktaba yake iitwayo left-pad. Ilikuwa na mistari 11 tu, na kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi au herufi mwanzoni mwa maandishi. Miradi mikubwa duniani, ikiwemo Babel, ilishindwa kujengwa saa hizohizo. Wengi walioathirika hawakuwahi kuichagua left-pad wala kulisikia jina lake.

Baada ya kuhesabu, andikeni. Wekeni ndani ya mradi faili moja la maandishi lenye mstari mmoja kwa kila maktaba mliyoichagua wenyewe: jina, inatufanyia kazi gani, nani aliiomba, iliingia lini, ina leseni gani, na nani kati yetu anaiangalia. Zile zisizo za moja kwa moja hazihitaji kuandikwa kwa mkono, maana faili la kufuli, litakaloelezwa katika sehemu ya 3, linazitaja zote. Daftari hili litawafaa siku mwenzenu atakapopata kazi kwingine na mgeni akachukua nafasi yake.

2. Maktaba mpya ibishe hodi kwanza

Katika nyika za Isiolo, Waborana wana dedha, utaratibu wa wazee wanaosimamia malisho na maji. Wafugaji wanaotoka nje hawaingizi mifugo hivihivi kwenye malisho yaliyotengewa kiangazi. Huja kwanza kuzungumza na wazee, wakaeleza wametoka wapi, wana mifugo mingapi na watakaa muda gani. Mradi wenu nao uwe na mlango wa namna hiyo. Anayetaka kuongeza maktaba afungue ombi la pekee, lisilochanganywa na kazi nyingine, na mwenzake mmoja alikubali baada ya kujibu maswali haya.

*Je, tunaihitaji kweli?* Ikiwa kazi yenyewe ni mistari 20 ambayo mnaweza kuiandika na kuijaribu alasiri moja, iandikeni. Lakini msijiandikie usimbaji wa siri, uhifadhi wa nywila au hesabu za saa na tarehe. Hizo ni kazi za wataalamu, na kuzibuni upya ni kujitafutia hasara.

*Nani anaitunza?* Angalia toleo la mwisho lilitoka lini, hitilafu zinajibiwa au zimelala, na watunzaji ni wangapi. Tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alitangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz Utils, programu ya kubana data, yalikuwa yamepandikizwa mlango wa siri. Aliushtukia baada ya kuona kwamba kuingia kwenye seva kwa SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Aliyeupandikiza, aliyejiita Jia Tan, alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujijengea imani kwenye mradi uliokuwa ukitunzwa na mtu mmoja aliyechoka, tena bila malipo. Maktaba yenye mtunzaji mmoja si lazima ikataliwe, ila ijulikane hivyo na iandikwe kwenye daftari.

*Inakuja na nani?* Maktaba moja inayoleta nyingine 40 kwa ajili ya kazi ndogo ni mzigo. Linganisha na mbadala wake kabla ya kuamua.

*Itaona nini?* Hili ndilo swali zito kuliko yote kwa mifumo ya kwetu, kwa sababu mingi inapokea pesa. Kuna maktaba nyingi zilizoandikwa na watu binafsi za kuunganisha mfumo na M-Pesa kupitia Daraja ya Safaricom. Nyingi zimeandikwa kwa nia njema na zinafanya kazi. Lakini maktaba ya aina hiyo inashika funguo za akaunti yenu ya malipo na nambari za simu za wateja. Kabla ya kuipokea, mmoja wenu asome msimbo wake wote na ahakikishe kwamba hautumi chochote kwingine. Mkiona mnachohitaji ni kupata tokeni, kutuma ombi la malipo kwenye simu ya mteja na kupokea majibu, fikirieni kuiandika sehemu hiyo wenyewe. Ni msimbo mfupi, na mtaujua ndani nje.

*Je, jina ni lenyewe?* Wahalifu husajili majina yanayofanana na ya maktaba maarufu, herufi moja ikiwa imebadilishwa, wakingoja mtu akosee kuandika. Usitafute jina kwa kubahatisha kwenye ghala la vifurushi. Ukitaka maktaba ya Africa's Talking ya kutuma SMS, anza kwenye maelezo rasmi ya kampuni hiyo, unakili jina kutoka huko.

*Ina leseni gani?* MIT, BSD na Apache 2.0 huruhusu matumizi mengi, ya biashara yakiwemo, mradi mhifadhi taarifa za haki za waandishi. GPL huwataka mtoe msimbo wenu kwa masharti yaleyale mnapowakabidhi wengine programu. AGPL huongeza sharti hilo hata kwa mfumo unaotumiwa kupitia mtandao tu. Kama mteja wenu ni kaunti au shirika, mwelezeni mapema. Amri ya `composer licenses` inaorodhesha leseni zote kwa mara moja.

3. Fungeni matoleo

Toleo la maktaba huandikwa kwa nambari tatu, kama 2.3.1. Kwa desturi, nambari ya mwisho ikipanda, hitilafu imerekebishwa. Ya katikati ikipanda, kimeongezwa kitu bila kuvunja cha zamani. Ya kwanza ikipanda, jiandaeni kubadili msimbo wenu. Hiyo ni ahadi ya mwandishi, na ahadi huvunjwa, mara nyingi bila kukusudia.

Mtakutana na alama mbili. `^2.3` ina maana ya kuanzia 2.3 bila kufika 3.0. Alama ya `~` inahitaji uangalifu, kwa sababu vyombo havikubaliani. Kwa Composer, `~2.3` inaruhusu kila kitu chini ya 3.0. Kwa npm, `~2.3` inaishia chini ya 2.4. Kikundi kinachotumia vyote viwili katika mradi mmoja kikubaliane kutumia `^` pekee, au kitaje toleo kamili.

Alama hizo hueleza mnachoweza kukubali. Mlichokubali hasa kinakaa kwenye faili la kufuli: `composer.lock` au `package-lock.json`. Faili hilo hutaja toleo kamili la kila maktaba, ya moja kwa moja na isiyo ya moja kwa moja. Lazima lihifadhiwe pamoja na msimbo. Kwa Python, andikeni matoleo kamili kwenye faili la mahitaji, au tumieni chombo kinachozalisha kufuli.

Kisha kuna kanuni moja ambayo kila mwanakikundi aijue kwa moyo. `composer install` hufuata kufuli. `composer update` huliandika upya. Asubuhi, baada ya kuvuta kazi ya wenzako, tumia `install`. Kwenye seva, tumia `install` peke yake. Kwa npm, amri inayoheshimu kufuli bila kuligusa ni `npm ci`. Anayetaka kupandisha maktaba aitaje kwa jina, `composer update jina/la-maktaba`, asipandishe zote kwa amri moja.

Wawili wakiongeza maktaba siku moja, faili la kufuli litagongana wakati wa kuunganisha kazi. Usijaribu kulishona kwa mkono. Chukua faili la kufuli la tawi kuu kama lilivyo, hakikisha `composer.json` inabaki na mistari ya nyote wawili, kisha omba tena maktaba yako ili chombo kikokotoe chenyewe.

Kuna mtego mwingine unaowasumbua wengi. Kompyuta ya mmoja ina PHP 8.3 na seva ina 8.2. Aliye na toleo jipya akiandika kufuli, linaweza kuchagua maktaba ambazo seva haiziwezi. Tajeni toleo la seva ndani ya `composer.json`, kwenye sehemu ya `config`, chini ya `platform`, ili Composer ikokotoe kwa kufuata seva bila kujali kompyuta ya nani inatumika. Kwa Python, kila mradi uwe na mazingira yake ya pekee, usichanganywe na mingine.

4. Pakueni mara moja, gawaneni

Mjini Isiolo mtandao wa simu unatosha kazi nyingi, lakini hudhoofika kadiri unavyouacha mji kuelekea Merti au Oldonyiro. Msipange kazi kana kwamba kila mtu anaweza kupakua mamia ya megabaiti kila Jumatatu.

Vyombo vyote hivi huhifadhi nakala ya vilivyokwisha kupakuliwa. Msifute hifadhi hiyo ovyo kila hitilafu inapotokea, kwa maana ndiyo inayowaokolea bando. Composer inaweza kusakinisha kutoka kwenye hifadhi hiyo bila mtandao ukiweka `COMPOSER_DISABLE_NETWORK=1` kabla ya amri. Kwa npm, ongeza `--prefer-offline`.

Kwa Python, mwenye mtandao mzuri aendeshe `pip download -d vifurushi -r requirements.txt`, anakili folda hiyo kwenye flashi, na mwenzake asakinishe kwa `pip install --no-index --find-links vifurushi -r requirements.txt`. Hakikisheni kompyuta zote mbili zina aina moja ya mfumo endeshi na toleo moja la Python, kwani baadhi ya vifurushi hutengenezwa kwa mfumo mmoja tu.

Kikundi kinachokaa ofisi moja kinaweza kwenda mbele zaidi. Verdaccio ni ghala dogo la npm linaloweza kuendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida. Wa kwanza akiomba kifurushi, linakipakua na kukihifadhi, na wengine wanakipata kupitia mtandao wa ofisini. Faida ni zaidi ya bando, kwa kuwa mwandishi wa mbali akiiondoa maktaba yake, nakala yenu ipo.

5. Matoleo yanapogongana

Itafika siku mtataka maktaba mbili zinazodai matoleo tofauti ya maktaba ya tatu. Composer huruhusu toleo moja tu la kila kitu, hivyo itakataa. Isome sababu kwa utulivu. `composer why-not jina/la-maktaba 3.0` itakutajia anayezuia. Kwa Python, `pip check` inaonyesha ugomvi uliokwisha kuingia.

Mara nyingi dawa ni kupandisha yule anayezuia, au kungoja. Usilazimishe kwa kuambia chombo kipuuze masharti. Ukifanya hivyo ugomvi haujaisha. Umeuhamisha tu kutoka kwenye kompyuta yako, ambako ungeuona, hadi kwa mtumiaji.

Mfano mzuri wa nidhamu hii uko hapahapa nchini. OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa ulioanzishwa mwaka 2004, ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006 katika mpango wa AMPATH. KenyaEMR, inayotumika katika mamia ya vituo vya afya nchini, imejengwa juu yake. Ni mfumo wa moduli. Kila moduli hubeba faili linalotaja moduli nyingine inazozihitaji na matoleo yake, na kilichotajwa kikikosekana, haiwaki. Kituo cha afya hakipewi moduli mojamoja kikaambiwa kijipangie. Hupewa mkusanyiko mzima wenye matoleo yaliyojaribiwa pamoja. Igeni hilo. Mnapokabidhi mfumo wenu, kabidhini seti iliyojaribiwa kama seti, yenye jina na nambari yake, ili kituo kikipiga simu mjue hasa kina nini.

6. Sasisheni kwa ratiba, si kwa hamaki

Wapo wanaofunga matoleo wakasahau ufunguo. Baada ya miaka mitatu hawawezi kupandisha chochote bila kuvunja kila kitu. Chagueni siku moja ya kila mwezi. Endesheni `composer outdated --direct`, pandisheni maktaba moja baada ya nyingine, jaribuni, kisha hifadhini kila moja peke yake. Likiharibika jambo, mtajua ni ipi.

Wala msikimbilie toleo lililotoka leo. Tarehe 8 Septemba 2025, mtunzaji wa maktaba za chalk na debug alilaghaiwa kwa barua pepe ya uongo, na matoleo yenye sumu ya kuiba sarafu za kidijitali yakawekwa kwenye npm. Hizo ni maktaba zinazopakuliwa mamilioni ya mara kila siku. Matoleo hayo yaligunduliwa na kuondolewa ndani ya saa chache. Waliokuwa na faili la kufuli na waliosubiri siku chache kabla ya kupandisha hawakuguswa. Kungoja wiki moja ni kinga nzuri kwa toleo la kawaida. Rekebisho la usalama ni jambo jingine.

7. Mwanya wa usalama ukitangazwa

Kila wiki, endesheni `composer audit`, `npm audit` au `pip-audit`. Amri hizi hulinganisha kufuli lenu na orodha za mianya inayojulikana. Si kila onyo ni la dharura. Jiulizeni kama sehemu yenye mwanya inafikiwa na mtumiaji wa nje, na kama maktaba hiyo iko kwenye seva au ni ya majaribio tu.

Lakini siku nyingine ni dharura kweli. Desemba 2021 ulitangazwa mwanya wa Log4Shell, CVE-2021-44228, katika Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za mfumo. Ulipewa alama 10 kati ya 10 kwa ukali. Mshambuliaji alihitaji tu kuufanya mfumo uandike maneno aliyoyatunga yeye. Kazi ngumu ya siku zile ilikuwa kujibu swali jepesi: je, tunayo Log4j, na iko wapi? Waliokuwa na hesabu walijibu kwa dakika chache. Wengine walipekua seva mojamoja. Tena rekebisho la kwanza, 2.15.0, halikutosha. Kabla mwezi haujaisha yalifuata 2.16.0, 2.17.0 na 2.17.1. Kwa hiyo baada ya kurekebisha, endeleeni kufuatilia.

Kubalianeni mapema nani anapigiwa simu, nani ana ruhusa ya kuingia kwenye seva, na nani anazungumza na mteja. Ikiwa taarifa za watu zimevuja na zinaweza kuwadhuru, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka mwenye kudhibiti taarifa hizo kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipojua. Mteja wenu hawezi kutimiza sharti hilo kama nyinyi mmenyamaza.

8. Ondoeni isiyo na kazi

Kila baada ya miezi mitatu, pitieni daftari na mwulize kuhusu kila maktaba: bado inatumika? Kazi iliyoletewa ikiisha, iondoeni kwa `composer remove` au `npm uninstall`, jaribuni mfumo, na mwandike tarehe. Maktaba isiyotumika bado inapakuliwa, bado inakula bando, na mwanya wake bado ni mwanya wenu.

Kipimo cha mwisho

Chukueni kompyuta ambayo haijawahi kuuona mradi. Mpeni mtu ambaye hakuuandika. Awe na vitu vitatu tu: msimbo kutoka kwenye hifadhi yenu, flashi yenye vifurushi, na maelezo mliyoyaandika. Zimeni mtandao. Akiweza kuujenga mfumo, kuuwasha na kupita majaribio yake bila kumpigia simu yeyote, mmeshika njia. Akikwama, andikeni alipokwama, rekebisheni hapo, mjaribu tena.

Kama kikundi chako hakijaanza, wiki hii fanyeni matatu: hifadhini faili la kufuli pamoja na msimbo, andikeni daftari la maktaba mlizozichagua, na mkubaliane kwamba hakuna maktaba mpya itakayoingia kwa uamuzi wa mtu mmoja. Mengine yatafuata mwezi kwa mwezi. Mchungaji anayengoja bei ya mbuzi kwenye simu yake, au mama anayengoja rekodi ya chanjo ya mtoto ifunguke, hajui maktaba hizo zipo na hapaswi kujua. Kuzijua ni kazi yenu, na mkiifanya vizuri mfumo wa Isiolo unaweza kutunzwa na vijana wa Isiolo, hata siku aliyeuandika akiwa ameshahama.